Doa la mikrometa 20: kwa nini kuongeza nguvu ya leza hakutoshi kunasa mawimbi ya graviti

Kabla ya kuingiza jiwe kwenye tanuri, mkataji wa tanzanite mjini Arusha huligeuzageuza chini ya taa, jicho likiwa kwenye kioo cha kukuzia mara 10. Anatafuta ufa, chembe au kitone cha majimaji kilichonaswa ndani. Jiwe safi likipashwa hadi nyuzijoto 500 au 600 hutoka na ile rangi ya buluu inayotafutwa. Jiwe lenye kasoro linaweza kupasuka, na ufa huanzia hapo hapo penye kasoro, kwa kuwa sehemu hiyo hutanuka tofauti na pembeni yake. Tanuri ni lile lile, joto ni lile lile. Kinachoamua ni kitu kidogo kilichokuwemo tangu mwanzo.

Mantiki hiyo hiyo ndiyo inayoweka kikomo katika mitambo ya kunasa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe inayotoka kwenye matukio makubwa angani. Watu wengi wakisikia kwamba mitambo ya LIGO huko Marekani bado haijafikia nguvu ya mwanga iliyokusudiwa katika mchoro wake, hudhani leza ndiyo dhaifu. Leza ya kutosha ipo. Tatizo liko kwenye vioo, na sehemu kubwa ya tatizo hilo inaweza kuwa doa moja lisilofikia hata theluthi ya unene wa unywele.

Kwa nini mwanga mwingi

LIGO ni mitambo miwili, mmoja Hanford katika jimbo la Washington na mwingine Livingston, Louisiana. Kila mmoja una mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, iliyokaa kama herufi L. Mwanga wa leza hugawanywa sehemu mbili, nusu ikaenda mkono huu na nusu mkono ule, ukagonga kioo cha mwisho na kurudi. Wimbi la graviti likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, na tofauti hiyo huonekana pale miale miwili inapokutana tena. Wimbi la kwanza kunaswa, tarehe 14 Septemba 2015, lilitokana na mashimo meusi mawili yaliyoungana. Lilibadilisha urefu wa mikono kwa takriban sehemu moja kwa 10²¹. Kwa mkono wa kilomita 4, hiyo ni mita 4 × 10⁻¹⁸, umbali mdogo mara mamia kuliko kiini cha atomu ya haidrojeni.

Kupima mabadiliko madogo namna hiyo kunategemea kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, na fotoni huja kama matone ya mvua kwenye bati. Mvua ikiwa ya rasharasha, idadi ya matone hubadilika sana kutoka sekunde hadi sekunde: ukitarajia 100, unaweza kupata 90 au 110, yaani unakosea kwa asilimia 10. Mvua ikishika, ukatarajia matone 10,000, hesabu huyumba kwa takriban 100, ambayo ni asilimia 1 tu. Mlio wa bati unakuwa mmoja, hautikisiki. Kuyumba huku huitwa kelele ya fotoni, nayo hupungua kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya mwanga kwa namna hiyo hiyo. Ukiongeza nguvu mara mbili, kelele inapungua mara 1.41. Faida hiyo huonekana zaidi kwenye masafa ya juu, kuanzia mamia ya hezi, ambako nyota za nyutroni hutoa sauti zao za mwisho kabla ya kugongana. Kwenye masafa ya chini mambo hugeuka: mwanga mwingi husukuma vioo na kuongeza kelele ya namna nyingine. Hilo lina tiba zake, na si mada ya hapa.

Wati 60 zinavyokuwa kilowati 380

Hakuna leza inayomwaga kilowati mia nne za mwanga tulivu. LIGO huingiza wati 60 hivi tu za mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanometa 1064, kisha huuzungusha mwanga huo huo mara nyingi. Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha sita pale Moshi anaiweza kwa kikokotoo cha mkononi.

Mbele ya kioo cha kugawa mwanga kuna kioo cha kurejesha, kinachopitisha asilimia 3 tu. Kazi yake ni kuurudisha mtamboni mwanga ambao ungerudi kwenye leza. Mambo yakiwa sawa, huongeza nguvu takriban mara 45, na wati 60 zinakuwa 2,700. Nusu yake, wati 1,350, huingia kila mkono. Kwenye mlango wa mkono kuna kioo kingine kinachopitisha asilimia 1.4, na kati yake na kioo cha mwisho mwanga huongezeka mara 280 na ushee. Jibu ni takriban kilowati 380 zikienda na kurudi ndani ya kila mkono. Kwa kulinganisha, kituo cha umeme cha Nyumba ya Mungu kina uwezo wa megawati 8. Mwanga ulio ndani ya mkono mmoja wa LIGO ni karibu sehemu moja kwa ishirini ya hiyo, na umetokana na umeme mdogo tu kwa sababu haupotei. Mchoro wa awali ulikusudia kuingiza wati 125 na kupata takriban kilowati 750.

Sharti la hesabu yote hii ni hilo neno “haupotei”. Mahesabu ya mchoro yaliruhusu sehemu 75 kwa milioni zipotee kila mwanga unapokwenda na kurudi mara moja mkononi. Inaonekana si kitu. Lakini kioo cha mlangoni kinachopitisha asilimia 1.4 hufanya kila fotoni izunguke mara nyingi kabla ya kutoka, kwa hiyo upotevu huo unazidishwa na 4 kugawa kwa 0.014, ambayo ni 286. Sehemu 75 kwa milioni zinakuwa asilimia 2.1 ya mwanga unaorudi kwenye kioo cha kurejesha. Weka asilimia hiyo kwenye hesabu na unapata lile ongezeko la mara 45. Sasa pandisha upotevu hadi sehemu 100 kwa milioni: ongezeko linashuka hadi mara 35, na kilowati 380 zinakuwa takriban 300. Pandisha hadi 120: ongezeko ni mara 29, na mkononi zimebaki kilowati 245 hivi. Sehemu 45 kwa milioni zimekula zaidi ya theluthi moja ya mwanga wote. Ndiyo maana watu wa mitambo hii hugombania sehemu moja kwa milioni kama mkulima wa mpunga wa Lower Moshi anavyogombania zamu ya maji ya mfereji.

Kioo chenyewe

Kila kioo cha mkononi ni silinda ya silika safi iliyoyeyushwa, kipenyo sentimita 34, unene sentimita 20, uzito kilo 40. Kinaning'inia kwa nyuzi nne za silika, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.4 na urefu wa sentimita 60. Uso wake umesuguliwa hadi mabonde na vilima vyake, katika sentimita 16 za katikati, vikawa na wastani wa nanometa 0.3 hivi au pungufu. Kama uso huo ungetandazwa kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita 80, vilima vyake vingekuwa na kimo cha milimita 0.15, unene wa karatasi moja na nusu ya daftari.

Hata hapo mwanga hutawanyika. Kanuni inayotumika ni rahisi: chukua 4π mara kimo cha kasoro, gawa kwa urefu wa wimbi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa nanometa 0.3 unapata sehemu 12.5 kwa milioni kila mwanga unapogonga kioo. Vioo ni viwili, kwa hiyo sehemu 25 zimeondoka kabla ya kuhesabu vumbi, kingo za kioo au kile kidogo kinachopita upande wa pili. Shika kanuni hiyo, hasa ile hatua ya kuzidisha jibu kwa lenyewe.

Juu ya uso uliosuguliwa hupakwa tabaka nyembamba kwa kupokezana, silika na oksidi ya tantalamu iliyochanganywa titani. Kazi hiyo hufanyika Lyon, Ufaransa, kwa kurusha ayoni kwenye kipande cha malighafi ndani ya ombwe ili atomu zake ziruke na kutua kwenye kioo. Tabaka hizi ndizo zinazoakisi mwanga. Pia hufyonza kidogo, takriban sehemu 0.3 kwa milioni. Kwa kilowati 200, kioo kizima hufyonza miliwati 60, na joto hilo husambaa taratibu kufuata umbo la mwale. Miliwati 60 hizo zinadhibitika. Shida huanza zinapoongezwa 10 tu zilizokusanyika mahali pamoja.

Doa

Wakati tabaka zinapakwa, chembe ndogo inaweza kunaswa humo. Haifutiki, kwa sababu haiko juu ya uso. Ile plastiki ya majimaji inayopakwa kwenye kioo, ikaachwa ikauke na kubanduliwa pamoja na vumbi, hubandua vumbi tu. Chembe inabaki.

Tuihesabu. Kwenye kioo cha mwisho mwale una nusu kipenyo cha sentimita 6.2. Kwa kilowati 200, katikati ya mwale kila milimita ya mraba inapokea wati 33, ambayo ni mara 33,000 ya jua la mchana. Doa lenye upana wa mikrometa 20 likifyonza mwanga wote unaoliangukia, linameza miliwati 10. Silika hupitisha joto vibaya sana, kwa hiyo joto hilo halitawanyiki haraka. Linabaki pale pale, kioo kinatanuka, na uso wake unainuka kama kipele chenye kimo cha nanometa chache.

Nanometa chache si kitu kwa jicho. Lakini kioo kilisuguliwa kwa gharama kubwa hadi nanometa 0.3, na sasa kipele kimekuwa kirefu mara kumi ya kasoro zote za kusugua. Kwa bahati kipele ni chembamba, kwa hiyo huathiri sehemu ndogo tu ya mwale, la sivyo mtambo usingewaka kabisa.

Hapa ndipo ile hatua ya kuzidisha inapouma. Kimo cha kipele hulingana na joto, na joto hulingana na nguvu ya mwanga. Mwanga unaotawanywa hulingana na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa hiyo ukiongeza nguvu mkononi mara mbili, sehemu ya mwanga inayopotea kwenye doa huongezeka mara nne. Kasoro ya kusugua haina tabia hiyo: inapoteza sehemu ile ile kwa milioni, uwe na wati moja au kilowati 400. Doa hula zaidi kadiri unavyolilisha. Mwendeshaji anapandisha leza kwa asilimia 20, upotevu mkononi unapanda, ongezeko la kioo cha kurejesha linashuka, na kilowati za mkononi zinasogea kidogo tu. Akiendelea, anafika mahali ambapo wati anazoongeza haziongezi kitu ila joto.

Kuna jambo la pili linalozidisha hasara, na halionekani mpaka uchore mawimbi yenyewe. Mwanga unaotawanywa na kipele hauendi kokote tu. Sehemu yake huingia kwenye maumbo mengine ya mwale, yenye mabaka mengi badala ya doa moja la mviringo. Mengi ya maumbo hayo hayapatani na urefu wa mkono, yanazimika. Lakini vioo vya LIGO vina mipindo yenye nusu kipenyo cha mita 1934 na 2245, na kwa mipindo hiyo maumbo ya daraja la saba yanakaribia sana kupatana na mkono. Yakipata chakula kutoka kwenye kipele, yanakua. Nayo ni mapana, yanafika hadi ukingoni mwa kioo, ambako mwanga humwagika nje. Mkono wenyewe unafungulia mwanga njia ya kutokea.

Mazigazi ndani ya kioo

Doa lililo ndani ya ombwe, kwenye kioo kisichoguswa, hutambuliwaje? Dereva yeyote anayeendesha mchana kati ya Boma Ng'ombe na njia panda ya KIA ameona mazigazi, yale maji yasiyokuwepo juu ya lami. Mwanga hupita haraka kidogo kwenye hewa ya moto kuliko kwenye ya baridi, na tofauti hiyo huupinda. Silika nayo hupinda mwanga kwa joto, ila kwa kinyume: penye joto, mwanga hupita polepole zaidi. Mafundi huangaza mwale dhaifu wa pembeni kupitia kioo, kisha huupitisha kwenye bamba lenye matundu mengi mbele ya kamera. Kila tundu hutoa nukta moja ya mwanga. Kioo kikiwa baridi, nukta hukaa mahali pake. Leza kuu ikiwashwa, nukta husogea, na kutokana na kusogea kwake ramani ya joto huchorwa. Joto la kawaida huonekana kama kilima kipana. Doa huonekana kama sindano iliyochomoza.

Kilima kipana kina tiba mbili. Ya kwanza ni pete ya kupasha joto inayozunguka ubavu wa kioo: waya wa nikromu uliozungushwa juu ya kioo cha mviringo. Huipasha pembeni ya kioo ili ilingane na katikati, na mpindo unarudi ulipokuwa. Ya pili ni leza ya kaboni dioksidi ya mikrometa 10.6, ambayo silika huifyonza yote, inayoelekezwa kwenye bamba la fidia lililosimama nyuma ya kioo cha mlangoni. Zote mbili hufanya kazi vizuri.

Kwa doa hazitoshi. Pete inapasha kwa upana wa sentimita nyingi, haiwezi kusawazisha sindano. Leza ya kaboni dioksidi hurekebisha mwanga unaopita kwenye kioo, ilhali kipele kiko kwenye uso unaoakisi, ndani ya mkono, na vioo vya mwisho havina bamba la fidia kabisa.

Kilichobaki ni njia za taabu. Unaweza kuusogeza mwale milimita kadhaa kutoka katikati ili doa liangukie pembeni, penye mwanga hafifu. Hii imefanyika na inasaidia, lakini ina malipo: mwale usipogonga katikati, kila mtikisiko wa kioo kuzunguka mhimili wake unasomeka kama mabadiliko ya urefu, na kelele ya masafa ya chini inapanda. Njia nyingine ni kubadilisha kioo. Hapo unafungua ombwe, unakata na kuchomelea upya nyuzi za silika, unasafisha, unafunga, unavuta hewa tena kwa wiki nyingi, na unaomba kioo kipya kisiwe na doa lake. Baadhi ya vioo vilivyowekwa kama mbadala vilikuja na madoa yao.

Katika awamu ya tatu ya uchunguzi, iliyoanza Aprili 2019, nguvu mikononi ilikuwa kilowati 200 na kidogo zaidi. Kabla ya awamu ya nne, iliyoanza tarehe 24 Mei 2023, vioo kadhaa vilibadilishwa, na nguvu ikakaribia kilowati 400. Hanford walianza na takriban wati 75 za kuingiza, kisha wakashusha hadi 60, kwa sababu joto la ziada liliuyumbisha mtambo. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Mtambo unaonasa mawimbi usiku kucha kwa kilowati 370 una faida kuliko ule wa 430 unaokatika kila saa chache.

Sehemu ya pengo imezibwa na mwanga uliobanwa, mbinu ya kupunguza kelele ya fotoni bila kuongeza fotoni. Desibeli 6 za kubana ni sawa na kuongeza nguvu mara nne kwenye masafa ya juu. Hata hivyo mwanga uliobanwa ni dhaifu kuliko yai: kila asilimia inayopotea njiani inauharibu, na maumbo ya mwale yaliyopindishwa na joto ni njia mojawapo ya kupoteza. Doa linakufuata huko pia.

Doa si kikomo pekee. Mwanga mwingi husukuma, na kilowati 400 zinasukuma kioo kwa nguvu sawa na uzito wa robo gramu, ya kutosha kukigeuza ikiwa mwale hauko sawa. Pia mwanga unaweza kuligongesha umbo la mlio wa kioo kama kengele. Livingston ilishuhudia hilo mlio wa kilohezi 15.5 ulipokua hadi mtambo ukakatika, na nguvu ilikuwa kilowati 50 tu. Hilo lilitibiwa kwa vipande vidogo vya piezo, vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme, vyenye rezista, vilivyogundishwa ubavuni mwa kioo ili vifyonze mlio. Tiba ilipatikana kwa sababu mlio una masafa yake na unaweza kulengwa. Doa halina masafa ya kulengwa.

Kwa hiyo kazi kubwa imehamia kabla ya kioo kufika mtamboni: kuchunguza chemba ya kupakia tabaka, kutafuta chembe zinakotoka, na kukagua kila kioo nukta kwa nukta kwa mwale mdogo wenye nguvu kabla hakijaning'inizwa. Kwa mitambo ijayo hesabu inazidi kuwa kali. Cosmic Explorer, uliopendekezwa Marekani, utakuwa na mikono ya kilomita 40 na megawati 1.5 ndani yake. Mwale wake utakuwa mpana zaidi, nusu kipenyo takriban sentimita 12, kwa hiyo katikati kila milimita ya mraba itapokea wati 66, mara mbili tu ya zile 33 za hesabu yetu. Doa lile lile la mikrometa 20 litameza miliwati 20. Lakini mwale huo utafunika eneo karibu mara nne ya la LIGO, na chemba ikidondosha chembe kwa kiwango kile kile, mahali palipoangukia doa moja pataangukia manne.